Tumbaku ya Mama Nakal

Burat, Isiolo
4 Februari 2024

Kwako dada yangu Nakal,

Ejoka. Habari za huko kwenye baridi? Sisi huku tuko wazima, Mungu anasaidia. Baba anakusalimu, au niseme angekusalimu kama angekuwa anasalimu watu siku hizi. Mbuzi wamenenepa kwa sababu mvua za mwisho wa mwaka ziliacha majani mpaka karibu na kambi ya jeshi, na yule beberu mwekundu bado anaingia jikoni kama mwenye nyumba. Mama Mdogo Akolong anakuja kila Jumatano kutupikia na kutugombeza. Ananiambia nioe. Nikimwambia nitaoa, ananiuliza kwa sura gani.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Lakini dada, tukipigiana simu tunafanya nini? Wewe unasema "haya", mimi nasema "haya", halafu tunasikilizana tukipumua mpaka salio linaisha. Tangu tumzike Mama mwezi wa nane imekuwa hivyo hivyo. Nimeona afadhali kalamu. Nijibu kwa sanduku la posta la parokia, Padre amekubali, ila uwe na subira maana barua hukaa pale mpaka mtu akumbuke.

Sasa jambo lenyewe. Unaijua studio yangu ya picha pale mjini: picha za pasipoti, harusi, watoto wa komunio. Mwezi uliopita walikuja watu kutufundisha sisi vijana kutengeneza filamu fupi, na wametuachia kamera nzuri mpaka mwaka uishe. Kila mtu aandike hadithi ya nyumbani kwao. Wengine wameandika juu ya mapenzi na wizi wa ng'ombe. Mimi nimeandika nyumba yetu baada ya Mama. Kuna mzee amekaa kwenye kigoda, kuna kijana anayeunguza ugali, na kuna mlango wa nyumba ya Mama ambao hakuna anayeufungua. Nilipomuuliza Baba kama naweza kumpiga picha, akasema, "Utanipiga nikifanya nini?" Nikamwambia, ukikaa. Akasema, "Hiyo najua." Ndiyo maneno marefu zaidi niliyosikia kwake tangu Krismasi.

Mwishoni binti mkubwa anafika kutoka mbali na kumwekea mama yake tumbaku kaburini. Ni wewe, sitakuficha. Kwetu kifungua mimba ndiye hutangulia, na sisi hatujathubutu kuweka hata punje, tunakungoja wewe. Nimempata msichana wa kuigiza, anaitwa Faiza, anauza nguo katika duka la shangazi yake karibu na msikiti. Mama yake alifia Kinna yeye akiwa bado ananyonya, na amenieleza hilo kama mtu anayekuonyesha njia ya sokoni. Urefu ni kama wako. Ningependa avae lile gauni lako la bluu uliloacha kwenye sanduku. Nipe ruhusa.

Mdogo wako,
Lopeyok


Leeds
9 Machi 2024

Lopeyok mdogo wangu,

Habari zenu? Habari ya Baba, macho yake yanaendeleaje? Mwambie Mama Mdogo kuwa sura yako si mbaya, ni ya kuzoea. Beberu mfungie mlango.

Mimi sijambo. Kazi ni ileile, nyumba ya kutunzia wazee. Nawaosha, nawavisha, nawalisha, nawasikiliza. Kuna mmoja, Bi Dorothy, amepoteza kumbukumbu, na mimi ananiita Susan. Susan ni binti yake, anaishi mbali, huja mara moja moja. Mwanzoni nilikuwa nikimsahihisha. Sasa akisema "Susan, hebu nifunge vifungo," naitika tu na kumfunga vifungo. Wenzangu wanacheka, nami nacheka. Mweupe yule na mimi mweusi hivi, sijui anaona nini.

Barua yako niliisoma ndani ya basi nikapitiliza kituo. Gauni mpe, limenibana siku nyingi. Usinitilie maneno mdomoni, ndilo ombi langu. Huyo binti wa filamu asihutubie.

Lakini tumbaku hapana, Lopeyok. Unakumbuka nani alikuwa anamsagia Mama? Ni mimi, kwenye lile jiwe lake, na magadi, kila Jumamosi, na kila Jumamosi napiga chafya mpaka machozi. Mama anapiga kelele, "Geuka huko! Utaimwaga yote!" Na Baba kwenye kigoda anasema upepo umeanza. Nilikuwa nachukia kazi ile kuliko kuchota maji. Sasa ningempa mtu chochote anirudishie Jumamosi moja tu.

Siku mliyomzika nilijinyoa kichwa bafuni kwa mkasi na wembe, kama ninyi mlivyonyoana huko. Hapa kazini wakadhani mimi ni mgonjwa, wakaniletea kofia. Naendelea kunyoa, na sitaziacha nywele ziote mpaka nimwekee Mama tumbaku kwa mkono wangu. Hicho ndicho kitu pekee kilichonibakia kumfanyia. Kwa hiyo mpige picha huyo msichana akiingia, akilia, akifua, akifanya lolote. Tumbaku isiguswe, si kwa mchezo wala kwa kamera. Nitakuja mwenyewe.

Dada yako,
Nakal


Burat
22 Aprili 2024

Kwa dada Nakal,

Habari za siku nyingi? Huku mvua ni kali, mto umepanda mpaka mashamba ya chini ya Burat yamekuwa bwawa, na vitunguu vya jirani yetu Kiugu vimekwenda na maji. Baba yuko sawa. Anakula. Anaongea kidogo. Mama Mdogo alikuwa na homa lakini imepona, tumeijua kwa vile amerudi kugombana.

Barua yako ilifika Jumamosi ya juzi ikiwa imelowa. Niliisoma nimesimama mlangoni kwa Padre, na nilipomaliza nikakaa chini.

Dada, tulikuwa tumeshapiga picha. Tulipiga wiki ya Pasaka kwa sababu Faiza alipata ruhusa dukani, na mvua ilikuwa imetoa mwanga mzuri. Nilingoja jibu lako, lisipofika nikajiambia kwamba kunyamaza ni kukubali. Tumbaku ilikuwa ya kweli. Mwenzangu Adano aliyeshika kamera alisema majani ya uongo yataonekana ni ya uongo, nikaenda sokoni nikanunua. Faiza alipiga magoti akaiweka pale kichwani pa kaburi, vizuri, kwa adabu, nami nikafurahi kwamba picha imetoka.

Mama Mdogo alikuwa kwenye ua anapepeta mahindi. Alitupa ungo. Nikamwambia ni mchezo tu, ni kamera. Akasema, "Tumbaku inajua kamera ni nini? Dada yangu amepewa, amepokea." Akaniamrisha niweke yangu pale pale, maana njia imeshafunguliwa na aliyefungua ni mkubwa wangu. Nikaweka. Yeye akaweka. Siku hizi anamwita Faiza "mtoto wa Nakolong" kwa jina la marehemu Mama, hata mbele ya watu sokoni, na amemtengea mbuzi jike. Faiza hajui amwambie nini shangazi yake.

Nisamehe. Mengine tutaongea.

Lopeyok


Leeds
20 Mei 2024

Lopeyok,

Salamu nimeziacha makusudi.

Mama Mdogo amenitumia ujumbe wa sauti. Kuku, mvua, homa, kuku tena. Halafu anasema Baba anauliza kwa nini Jumapili iliyopita sikuvaa gauni la bluu.

Nilicheka kwanza. Nikausikiliza tena, na sikucheka. Jumapili iliyopita nilikuwa hapa kwenye zamu. "Mengine tutaongea," uliniandikia. Mengine yapi? Nani anakwenda kwa Baba siku za Jumapili akiwa mimi?

Ulinichukulia tumbaku yangu nikameza, kwa sababu barua ilichelewa na posta haina mama. Hili lingine niandikie lote, usiruke hata kitu kimoja.

Nakal


Burat
17 Juni 2024

Dada yangu,

Sina uso wa kukusalimu lakini nakusalimu. Mvua imeisha. Ndama wa Mama Mdogo amezaliwa. Baba mzima.

Siku ile ya kaburini Baba alikuwa kwenye kigoda chake kando ya zizi, kama tulivyopanga. Macho yake yamefunikwa na ukungu sasa, anaona rangi na mwendo, sura haioni. Faiza aliingia langoni amevaa gauni lako na leso ya Mama begani. Alitembea bila kusema neno, kwa kuwa nilikuwa nimekuandika hivyo hivyo hata kabla hujanikataza maneno. Akapiga magoti, akaweka tumbaku. Alipoinuka, Baba naye alikuwa ameinuka. Akasema, "Nakal."

Kamera ilikuwa inaendelea. Faiza akanitazama mimi, mimi nikamtazama Adano, Adano akatazama chini. Basi yule msichana akafanya alichoona kinafaa, akaenda akamshika Baba mkono. Na Baba akamshika kwa mikono miwili, akakaa naye, akamuuliza safari ilikuwaje. Nilitakiwa kusema jambo wakati ule. Sikusema. Jioni Baba alikula nyama, akaomba nyingine. Tangu Mama afe, mimi ndiye nimekuwa nikimlisha maneno na uji, na vyote vinarudi. Ungemwona akitafuna nawe ungenyamaza.

Kesho yake akauliza umelala wapi. Nikasema umekuja kwa kazi, unakaa mjini, utafika Jumapili. Ndivyo Jumapili ilivyoanza. Faiza anakuja na sukari na majani, anapika chai, anakaa karibu naye. Haongei sana. Baba anasema Ulaya imekukausha maneno. Siku moja Faiza alipokea kikombe akasema "Bismillahi" kwa mazoea, nikajua leo tumekwisha. Baba akamgeukia akamuuliza kama huko Uingereza amesilimu. Faiza akasema, "Kidogo."

Nimecheka nikiandika hapo, halafu nimeona aibu. Nilimwambia Faiza tuache. Akaniambia, "Wewe ukitaka kuacha, acha. Mimi sijawahi kuwa na mtu wa kuniuliza safari ilikuwaje." Dada, nilijua utaumia na bado nikafanya. Sasa sijui nitoke vipi. Nikimwambia Baba ukweli, nitakuwa nimemzikia mtoto juu ya mke.

Lopeyok


Isiolo mjini
28 Agosti 2024

Dada Nakal,

Habari? Sijui kama barua yangu ya Juni uliipata. Padre amechoka kuniona. Nimekupigia pia, simu inaita tu.

Mwaka umetimia tangu Mama atuache. Padre alikuja nyumbani, tukasali, jumuiya wakaimba. Halkano, yule dereva mzee aliyekuwa akimletea Mama magadi, alikuja pia, akasimama kofia mkononi mpaka mwisho. Baba aliuliza mbona hukuja siku kubwa kama hii. Nikasema una zamu. Angalau hilo lilikuwa kweli.

Filamu tumeionyesha katika ukumbi wa mjini. Viti havikutosha. Wakati mzee anapoinuka kwenye kigoda na kuita, ukumbi wote ulinyamaza, na mama mmoja Mborana aliyekaa mbele yangu akajifunika uso kwa shungi. Baadaye wakaniuliza yule mzee nilimfundisha vipi kuigiza. Niliwaambia ana kipaji.

Nililala studio. Nyumbani siku hizi naona kila mtu ana mtu wake isipokuwa mimi.

Niandikie, hata kama ni matusi.

Lopeyok


Leeds
15 Septemba 2024

Lopeyok mdogo wangu,

Habari yako? Barua zako zote nilizipata. Ya Juni niliiweka chini ya mto, nikashindwa kuijibu kwa hasira, halafu nikashindwa kuijibu kwa sababu nyingine.

Wiki iliyopita Susan alikuja. Susan mwenyewe, binti wa Bi Dorothy, mama wa makamo mwenye koti zuri, na maua mkononi. Mimi nilikuwa namchana mama yake nywele. Susan akainama akambusu. Bi Dorothy akamwambia asante sana dada, maua mazuri, mpe Susan ayaweke kwenye maji. Akaninyooshea mimi kidole.

Susan alijaribu. Alisema jina lake, akasema jina la mtaa wao, akataja mbwa waliyekuwa naye. Mama yake akamsikiliza kwa heshima kama unavyomsikiliza mgeni, kisha akanigeukia, "Susan, huyu mama anataka nini?" Niliyaweka maua kwenye maji. Nilipotoka baadaye nilimkuta Susan amekaa ndani ya gari lake, mikono kwenye usukani, gari limezimwa. Alinishushia kioo akanishukuru kwa kumtunza mama yake. Sitasahau ule uso. Sikuwa nimemwibia kitu, na bado nilitamani kumwomba msamaha.

Nililala nikimfikiria Faiza. Simchukii tena. Yeye anafunga vifungo kama mimi. Lakini sitaki kuwa Susan, Lopeyok. Sitaki siku moja nisimame langoni kwetu na Baba aniulize nataka nini.

Mwambie Baba ukweli. Hata akiacha kula, mwambie.

Na wewe hujawahi kuniuliza kwa nini sikuja kumzika Mama, ila najua unajiuliza. Karatasi zangu za kukaa huku zilikuwa ofisini kwao zinashughulikiwa. Ningetoka, nisingerudi, na dawa za macho za Baba na kodi yako ya studio zingeishia hapo. Nilifuata akili. Nimekuwa nikiilaumu akili hiyo kila asubuhi, nikiwa nanyoa.

Dada yako,
Nakal


Burat
3 Novemba 2024

Kwa dada Nakal,

Habari ya huko? Huku jua limekausha mpaka miiba. Wachungaji wameshuka na mifugo mpaka Leparua kutafuta majani. Beberu mwekundu tumemuuza, na jikoni pamekuwa kimya hadi panakera.

Nimemwambia Baba. Nilichagua asubuhi, tukiwa wawili. Nikasema Nakal hajawahi kuja, yuko Uingereza, anayekuja ni Faiza wa duka la nguo, alikuwa anaigiza kwenye filamu. Nikasema kosa ni langu, si la msichana. Baba alikuwa anachonga fimbo. Aliendelea kuchonga. Nilidhani hakusikia, nikataka kurudia, akasema, "Nimesikia." Akauliza swali moja tu: "Na hiyo tumbaku?" Nikamwambia ilikuwa ya kweli. Akaingia ndani.

Tangu siku ile amehamisha kigoda. Amekiweka upande wa nyuma ya nyumba, ameelekea ukutani, haoni lango. Anakula kidogo kunifurahisha. Faiza alikuja Jumapili iliyofuata kumwomba radhi, akasimama pale nyuma muda mrefu, Baba hakugeuka. Aliondoka analia na hajarudi. Amemrudishia Mama Mdogo yule mbuzi, na Mama Mdogo amekataa kumpokea, sasa mbuzi yuko kwangu, si wa mtu.

Ulitaka ukweli nami nimeusema. Sikulaumu. Lakini wewe uko huko, na mimi ndiye ninayeuona ule mgongo kila asubuhi.

Filamu imechaguliwa kuonyeshwa Kisumu katikati ya Desemba, nami naitwa niende nayo wiki nzima. Nilitaka kukataa. Mama Mdogo amesema niende, yeye atalala hapa, maana nimeanza kukaa kama Baba.

Lopeyok


Burat, chumbani kwako
17 Desemba 2024

Lopeyok mdogo wangu,

Ejoka. Ukisoma hii nitakuwa nimeshaondoka. Usimlaumu Mama Mdogo, mimi ndiye nilimkataza kukuambia. Karatasi zilitoka mwisho wa Novemba, wakanipa likizo fupi, nikaichukua kabla hawajabadili nia. Kuhusu Kisumu nilikuwa nimekusoma vibaya, nilidhani ni wiki ya mbele. Jana nilikupigia nikiwa nimekaa hapa kitandani kwako. Ukasema "haya." Nikasema "haya." Sikuweza kukuambia niko wapi, kwa sababu ungeacha kila kitu ukaja, na ile filamu ni yako, ulistahili kusimama pale mbele.

Nilifika Jumamosi. Baba alikuwa kule nyuma ulikoandika. Nilimwita. Hakugeuka, akasema, "Wewe tena? Si walisema hiyo filamu iliisha?"

Nikasema, "Baba, ni mimi. Ni Nakal."

"Ndiyo, ndiyo. Kaa chini. Lakini kulia wacha, leo hakuna kamera."

Nikamwambia nimetoka Uingereza, nimeshuka ndege jana. Nikamtajia Mama, nikakutaja wewe, nikamtajia shule niliyosoma. Akasikiliza vizuri kabisa, halafu akasema, kwa upole, "Siku hizi hata sauti umejifunza. Unajua kazi yako." Nilijikuta natafuta kumtajia mbwa tuliyekuwa naye. Nikaacha. Nilimpikia, nikala naye, na usiku kila mtu akaingia kwake. Mama Mdogo alitaka kumpigia kelele, nikamzuia. Jumapili ilikuwa hivyo hivyo. Niliishi nyumbani kwetu siku nzima nikiwa msichana wa filamu, Lopeyok, na sijawahi kuwa peke yangu namna ile hata kule Leeds.

Jumatatu nikasema basi, hata kama hanijui yeye, Mama ananijua. Nilifungua mlango wa nyumba yake. Ule wa filamu yako. Ulikuwa umevimba, nikausukuma kwa bega. Jiwe lake liko palepale, magadi yamegandia kwenye kopo. Nilinunua majani sokoni, nikakaa mlangoni kwake nikaanza kusaga. Sikuwa namfikiria Baba. Sikujua hata kama amerudisha kigoda upande huu, Mama Mdogo ndiye alikuwa amemleta aote jua.

Unajua kilichofuata. Chafya. Ya kwanza nikaizuia, ya pili ikanishinda, na baada ya hapo zikaja zenyewe kama zamani, machozi na kamasi na vumbi la tumbaku mpaka nyusini.

Baba akasema, "Geuka huko, Nakal! Utaimwaga yote ya mama yako!"

Alisema tu, kama mtu anayefukuza kuku. Halafu akasikia mwenyewe alichosema. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye jiwe. Akainuka, akaja akipapasa hewa, nami nikamwekea kichwa changu chini ya mikono yake kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumwonyesha. Akakipapasa taratibu, kipara kizima. Alipofika kisogoni vidole vikasimama.

"Huku nyuma umeacha nywele," akasema. "Hukuwa na mtu wa kukunyoa?"

Nikamwambia, "Sikuwa na mtu, Baba."

Akamwita Mama Mdogo alete wembe. Alininyoa yeye mwenyewe, haoni, kwa vidole tu, na hakunikata popote. Baadaye akanishika bega tukaenda pale kando ya zizi, nikamwekea Mama tumbaku. Niliikuta ile nyingine, ya kwenu, mvua imeifanya sehemu ya udongo. Sikuisogeza. Niliweka yangu juu yake, nikaongea na Mama mpaka koo likakauka, na Baba akaningoja bila kuniharakisha.

Tukiwa tunarudi akaniuliza naondoka lini. Nikamwambia keshokutwa. Akatembea kidogo. Akasema, "Yule mwingine, alikuwa mtoto mzuri. Nilimfukuza kwa mgongo. Mwambieni arudi."

Sitakudanganya, liliniuma. Mikono yake ilikuwa imetoka kichwani mwangu saa ile ile. Nikamuuliza, "Baba, na mimi je?"

"Wewe ni wangu," akasema. "Lakini wewe utaenda. Jumapili ni nyingi."

Leo asubuhi nilikwenda duka la nguo karibu na msikiti. Aliponiona hakuuliza mimi ni nani. Nilimletea mbuzi wake, ndiyo, nilimburuta mpaka mjini kwa kamba, watu wananicheka, na shangazi yake akatuwekea chai. Mchana nilimleta hapa nikamfundisha kusaga tumbaku. Hapigi chafya hata moja, yule mtoto. Baba alisikiliza jiwe kimya, hakuna upepo, akacheka, akasema mama yako angempenda huyu. Nilicheka nao, halafu nikatoka kwenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Filamu yako sijaitazama. Adano ameniachia kwenye simu, nitaitazama ndani ya ndege nikiwa nimefunikwa blanketi.

Ufunguo wa nyumba ya Mama uko juu ya mlango. Msiufunge tena. Lile gauni la bluu nimelifua, liko kwenye kamba. Mwambie Faiza Jumapili aje kwa jina lake mwenyewe, asiigize tena mtu. Lakini gauni alivae. Baba anaiona ile rangi tangu langoni.

Dada yako,
Nakal